Kubalianeni Kwanza, Ombeni Baadaye

ELIMU KWA UMMA: Namna ya kujenga kundi la kijamii linaloweza kubadilisha hali ya kijiji, na likadumu

Baraza likishafungwa ndipo baraza la kweli huanza. Msimamizi wa wadi ameondoka, viti vya plastiki vinapangwa kurudishwa, na watu wamesimama chini ya mwembe wakisema yale ambayo hawakuyasema walipopewa nafasi. Silanga imejaa tope. Barabara ya kwenda zahanati haipitiki mvua ikinyesha. Vijana wanamaliza shule na kukaa. Kila mmoja ana la kusema, na karibu kila sentensi inaanza na "wangetufanyia". Kisha jua linakuchwa, watu wanarudi majumbani, na baraza lijalo maneno ni yale yale.

Nimeyasikia mazungumzo ya namna hii mara nyingi nikiwa na kamera na daftari langu la kazi. Shida huwa ya kweli, na wanaoisema huwa wanaijua kuliko ofisi yoyote. Kinachokosekana ni watu kumi au ishirini waliokubaliana kuibeba shida hiyo moja, mwezi baada ya mwezi, mpaka ibadilike. Somo hili linaeleza namna watu hao wanavyopatikana na wanavyoweza kukaa pamoja bila kuvunjika. Tutaanza na mifano miwili ya Pwani yetu, halafu tutazame hatua, sheria na kalenda ya bajeti.

KUNDI TUNALOLIZUNGUMZIA NI LIPI?

Wengi wetu tayari tumo kwenye makundi. Kuna vyama vya kuchangishana na kukopeshana, kuna makundi ya mazishi, ya kanisani na ya msikitini. Hayo humfaa mwanachama: ukitoa mchango wako, zamu yako itafika.

Kundi la mabadiliko ya kijamii lina tofauti moja kubwa. Faida yake humfikia hata asiye mwanachama. Silanga ikisafishwa, atachota aliyeshika jembe na atachota aliyekaa nyumbani. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kila mtu anaweza kungoja mwenzake atangulie. Kundi la aina hii haliwezi kusimama kwa moyo mwema peke yake. Linahitaji makubaliano, kanuni na hesabu ambayo kila mtu anaiona.

Wazo lenyewe si geni. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Wakisii wana risaga: yote ni majina ya kazi ya pamoja inayofanywa kwa zamu au kwa faida ya wote. Hapa kwetu Kilifi, misitu ya Kaya imesimama hadi leo kwa sababu wazee wa Kimijikenda waliweka kanuni za nani aingie, wakati gani, na nini kisikatwe. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kukubaliana kutogusa kitu leo ili kiwepo kesho ni elimu tuliyorithi.

KURUWITU: WALIOAMUA KUTOVUA

Kuruwitu ni ufuo wa hapa Kilifi, karibu na Vipingo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, wavuvi wake walikuwa wakirudi na samaki wachache na wadogo. Wazee walikumbuka bahari tofauti. Sababu zilikuwa nyingi na zilishikana: uvuvi kupita kiasi, zana zinazoharibu, biashara ya kunasa samaki wa mapambo, na joto la bahari la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi katika Pwani ya Kenya.

Mwaka 2003 wakazi waliunda chama chao cha uhifadhi na ustawi. Miaka miwili baadaye, mwaka 2005, walifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa na kijiji cha wavuvi nchini: walifunga hekta 30 za bahari yao wenyewe, yaani kama ekari 74, na kukubaliana kwamba hapo hakuna atakayevua. Eneo la namna hiyo huitwa tengefu, yaani lililotengwa.

Tuupime uzito wa uamuzi huo. Mvuvi wa pwani yetu hana mshahara. Anachokipata asubuhi ndicho kinachonunua unga jioni. Mama karanga anayekaanga samaki na kuuza kando ya barabara naye anategemea ndoo ile ile. Kumwambia mtu huyu "acha kuvua hapa, faida utaiona miaka ijayo" ni kumwomba ale kidogo leo kwa ahadi isiyo na hakika. Si wote waliokubali tangu mwanzo, na ilichukua muda kuwashawishi waliopinga. Kanuni iliwafunga wenyewe kabla ya kumfunga mgeni, na wakazi wenyewe ndio waliokuwa walinzi.

Matumbawe yalianza kupona na samaki wakaongezeka. Samaki hawajui mpaka. Wakijaa ndani ya tengefu hutoka nje, na huko ndiko wavuvi huwavua kwa halali. Wageni wakaanza kuja kuogelea na kutazama matumbawe, jambo lililoleta mapato mengine. Mwaka 2017 kundi hilo lilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vijiji vingine vya Pwani vimeanzisha tengefu zao kwa kufuata njia hiyo.

Tazama mpangilio wa mambo. Kwanza walikiri hasara. Pili walijipanga. Tatu walikubaliana nani atapoteza nini. Msaada wa wataalamu, wafadhili na tuzo ulipata mahali pa kusimama kwa sababu makubaliano yalikuwepo tayari. Sheria nayo iliimarika baadaye: kanuni za kitaifa zinazotambua makundi ya usimamizi wa fuo, tunayoyajua kama BMU, zilitolewa mwaka 2007, miaka miwili baada ya Kuruwitu kufunga eneo lao.

GAZI: PESA ILIPOINGIA

Makundi mengi hayafi kwa ukosefu wa pesa. Yanakufa pesa inapoingia. Kwa hivyo mfano wa pili tunautoa kwa majirani zetu wa Kwale.

Katika vijiji vya Gazi na Makongeni, wakazi wanaendesha mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza kazi rasmi mwaka 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko na kupanda mipya. Mikoko na tope lake huhifadhi kiasi kikubwa cha kaboni, ambayo ingekuwa hewani ingeongeza joto la dunia. Watu na kampuni za mbali hulipa ili kaboni hiyo ibaki ilipo. Mradi huu unajulikana duniani kama wa kwanza wa kijamii kuuza kaboni ya mikoko, nao pia ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017.

Kwa mkazi wa kawaida, jambo la kujifunza hapa ni namna pesa inavyoamuliwa. Kamati hutoka katika vijiji vyenyewe. Wanakijiji hushirikishwa kuamua mapato yatumike wapi, na yametumika kwa mambo ambayo kila mtu anayaona: maji ya kijiji, vitabu na ukarabati wa shule. Mama ambaye hajawahi kupanda mkoko hata mmoja anafungua mfereji na kujua mikoko imemfaa nini. Siku atakapomwona mtu na shoka, ana sababu yake mwenyewe ya kupiga kelele.

Kundi hilo pia halikufanya kazi gizani kisheria. Mikoko ni msitu wa umma, kwa hivyo wakazi walipitia chama cha jamii cha misitu chenye makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, walishirikiana nao katika vipimo. Mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, hukohuko Kwale, vilianzisha mradi kama huo wenye hekta 460. Kundi moja likifaulu wazi, jirani hujifunza bila kufundishwa darasani.

NA SISI TUSIO NA BAHARI?

Mkazi wa Ganze au Kaloleni anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Basi tuchukue mfano wa bara. Tuseme kijijini kwenu kuna silanga iliyochimbwa zamani. Tope limejaa, maji yanakauka miezi miwili baada ya mvua, na ng'ombe wanaingia ndani kunywa palepale ambapo watoto wanachota. Mtafanyaje? Fuateni hatua hizi sita.

Hatua ya 1: Chagueni jambo moja.
Msianze na "maendeleo ya kijiji". Anzeni na silanga. Jambo moja lina mwisho, mtu anaweza kuuliza limefika wapi, na likikamilika kila mtu ataona. Semeni kwa sentensi moja inayopimika: "Tunataka silanga iwe na maji mpaka mvua nyingine, na mifugo isiingie ndani." Mkishindwa kulisema kwa sentensi moja, bado hamjakubaliana.

Hatua ya 2: Hesabuni nani ataumia.
Hapa ndipo makundi mengi hukosea. Wanaowaita kikaoni ni wale wanaofaidika tu. Silanga ikizungushiwa ua, mwenye ng'ombe arobaini anapoteza njia yake ya kunyweshea. Kijana anayejaza mitungi kwa mkokoteni anapoteza foleni fupi. Hawa wasipoitwa, ua utakatwa usiku. Wakiitwa, huenda wao ndio watakaopendekeza birika la kunyweshea mifugo nje ya ua na kuchangia saruji. Kule ufuoni, kikao kisicho na manahodha, mabaharia, mama karanga na matajiri wanaonunua samaki hakiwezi kufunga bahari. Kule bara, kikao kisicho na wafugaji hakiwezi kufunga silanga.

Angalieni pia saa ya mkutano. Mkutano wa saa kumi na moja jioni unawafungia nje akina mama, kwa kuwa ndiyo saa ya kuteka maji na kupika. Halafu tunasema wanawake hawakuja.

Hatua ya 3: Fanyeni kazi ndogo kabla ya kuandika katiba ndefu.
Chagueni Jumamosi moja ya kufukua tope kwa majembe na karai, hata kama mtafukua kona tu. Siku hiyo mtajua mengi kuliko katika vikao vitano: nani anafika bila kusukumwa, nani anakuja kupigwa picha, nani anajua kupanga watu bila kuwatukana. Viongozi wenu wametoka hapo. Picha na orodha ya waliofika ndiyo ushahidi wenu wa kwanza mtakapofika ofisini kuomba trakta.

Hatua ya 4: Andikeni kanuni zenu.
Katiba ya kundi inaweza kuwa kurasa mbili au tatu, kwa Kiswahili ambacho kila mwanachama anakielewa. Iseme mambo haya: lengo la kundi, nani anaweza kuwa mwanachama, viongozi ni wangapi, wanachaguliwa vipi na kwa muda gani, mkutano unahitaji watu wangapi ili uamuzi uwe halali, pesa inatolewa kwa sahihi za nani, mgogoro unasuluhishwa na nani, na kundi likivunjika mali inaenda wapi. Kipengele hicho cha mwisho watu huona haya kukiandika. Ni kama wasia: huandikwa watu wakiwa wazima na wanapendana.

Hatua ya 5: Fungueni daftari, na lisomwe kwa sauti.
Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa za kundi zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa sababu simu hupotea na mwenye simu huugua. Fungueni akaunti ya benki au ya Sacco yenye watia sahihi watatu, na wawili angalau wawepo pesa ikitolewa. Mwenyekiti na mweka hazina wasitoke nyumba moja. Kila mkutano uanze kwa kusoma mambo manne: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani na kwa kazi gani, kimebaki kiasi gani. Risiti zipitishwe mkononi. Hii inachukua dakika tano na inazuia uvumi wa miaka mitano.

Ikitokea pesa imepotea, itajeni siku hiyo hiyo mkutanoni. Kundi linaweza kupona kutokana na hasara ya shilingi elfu kumi. Ni vigumu kupona kutokana na siri ya shilingi elfu kumi.

Hatua ya 6: Jisajilini.
Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kundi liwe na wanachama wasiopungua 10. Usajili hufanywa katika ofisi ya Ustawi wa Jamii ya kaunti ndogo yenu, ambayo ni ofisi ya Serikali Kuu. Bebeni kumbukumbu za mkutano ulioamua kujisajili, orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na sahihi, na katiba yenu. Ulizeni afisa kuhusu ada na muda wa kuhuisha cheti, na mdai risiti. Cheti kinawawezesha kufungua akaunti na kutambuliwa kama mshirika mnapoomba msaada. Kundi la wavuvi, la msitu au la watumiaji maji linaweza pia kuwa chini ya sheria yake maalumu, kwa hivyo ulizeni kabla ya kuandikisha.

KUIJIA SERIKALI YA KAUNTI

Mkishafika hapa, ombeni. Sasa mna jambo moja, watu, kazi iliyoanza na daftari. Bado mnaweza kushindwa kwa sababu mbili: kubisha mlango usio wenu, au kubisha wakati umepita.

Kuhusu mlango, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne inagawa kazi. Kaunti ina jukumu la zahanati na hospitali za kaunti, huduma za maji na usafi, barabara za kaunti, masoko, kilimo, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Polisi, shule za msingi na sekondari, na barabara kuu za kitaifa ni kazi ya Serikali Kuu. Kundi linaloleta ombi la walimu wa sekondari katika ofisi ya kaunti litapokelewa kwa heshima na kuelekezwa kwingine, na miezi mitatu itakuwa imepotea.

Kuhusu wakati, hizi ndizo tarehe za kisheria za kukumbuka kila mwaka:

Kufikia Septemba 1: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unawasilishwa katika Bunge la Kaunti. Hapa ndipo miradi ya mwaka ujao wa fedha hutajwa.
Kufikia Februari 28: Taarifa ya Mkakati wa Fedha ya Kaunti inawasilishwa. Hapa kila idara huwekewa kiwango chake cha pesa.
Kufikia Aprili 30: Makadirio ya bajeti yanawasilishwa Bungeni.
Julai 1: Mwaka mpya wa fedha unaanza.

Someni tarehe hizo tena. Kundi linalokuja mwezi Mei kuomba trakta ya kufukua silanga limechelewa, kwa sababu mpango ulioizaa bajeti hiyo uliwasilishwa Septemba iliyopita. Ombi lenu lingefaa kufika kabla ya Agosti kwisha. Watu wengi wameamini kwamba wamepuuzwa, kumbe walifika treni ikiwa imeshaondoka. Lawama nyingine ni yetu sisi maafisa, kwa kuwa mara nyingi tunatangaza mikutano ya maoni kwa lugha ngumu na kwa notisi fupi. Ndiyo maana tumeziweka tarehe hizi hapa. Kateni ukurasa huu mbandike dukani au kwenye kioski cha maji.

Ombi zuri halizidi kurasa mbili. Lina mambo haya: shida ni ipi na iko wapi hasa, inagusa nyumba ngapi, mkiwa mmezihesabu wenyewe, kundi limefanya nini tayari, mnaomba nini mahususi, nani atatunza kazi ikikamilika. Tieni majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Pelekeni nakala mbili na mdai nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, ombi lenu ni maneno tu.

IKIWA HATUKUBALIANI NA KAUNTI?

Mimi ni mwajiriwa wa serikali ya kaunti, na jarida hili ni la serikali ya kaunti. Hata hivyo somo hili halitakuwa kamili bila kusema kwamba kundi la kijamii lina haki ya kutukosoa, na kwamba haki hiyo imeandikwa.

Kifungu cha 36 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujumuika. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi lenu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu maisha au uhuru wa mtu.

Kwa mfano, mkiambiwa silanga yenu ilishafukuliwa mwaka jana na nyinyi mnaona tope lile lile, hamna haja ya kurusha mawe wala kumtukana mtu redioni. Andikeni barua. Ulizeni mkandarasi alikuwa nani, alilipwa kiasi gani, na nani aliidhinisha kwamba kazi imekamilika. Barua tulivu yenye muhuri ina nguvu kuliko kelele, kwa sababu ina tarehe ya kujibiwa.

MAMBO YANAYOUA MAKUNDI

Posho. Mwanachama akizoea kulipwa ili ahudhurie mkutano wa kijiji chake, siku posho itakapokosekana hatafika.

Mtu mmoja. Kiongozi hodari anayejua kila nambari ya simu na kushika kila funguo ni hatari kama kiongozi mvivu. Akihama, kundi linahama naye. Kila mwenye cheo awe na mtu anayejifunza kazi yake.

Kampeni. Mwanasiasa ana haki ya kuja kusikiliza na kuchangia hadharani. Kundi likivaa fulana za mgombea mmoja, nusu ya kijiji itaondoka kimyakimya, na mgombea akishindwa mtabaki na fulana. Wekeni katika katiba kwamba kiongozi wa kundi anayegombea kiti aachie nafasi yake kwanza.

Pesa iliyotangulia makubaliano. Hili ndilo kubwa. Mradi ukifika na fedha kabla watu hawajakubaliana shida ni ipi, kundi litaundwa kwa ajili ya fedha na litakwisha nazo. Fedha ikikuta watu waliokwisha kukubaliana, itawaongezea nguvu.

MASWALI YA KUJADILI KIKAONI

1. Ni jambo gani moja kijijini kwetu ambalo likibadilika, hata asiye mwanachama atafaidika? Tuliseme kwa sentensi moja.
2. Likibadilika, nani atapoteza kitu? Je, yupo hapa leo? Kama hayupo, nani atakwenda kumwita?
3. Tunaweza kufanya nini kwa mikono yetu kabla ya mwezi huu kwisha?
4. Nani atashika daftari, na nani mwingine atajifunza kulishika?
5. Jambo letu ni kazi ya kaunti au ya Serikali Kuu? Tarehe ipi ya bajeti iko karibu?

Hamhitaji ruhusa ya kaunti kuanza kujibu maswali haya, wala hamhitaji mfadhili. Mnahitaji kivuli, daftari la shilingi hamsini na watu ambao hawatakubali kurudi nyumbani kabla ya kuamua jambo moja. Kwa hivyo baraza lijalo likishafungwa na watu wakasimama chini ya mwembe, mmoja wenu atoe kalamu. Aandike tarehe, majina ya waliopo, na sentensi moja ambayo wote wameikubali. Hizo ndizo kumbukumbu za mkutano wenu wa kwanza.